Nekesa Harudi, Koti Ndilo Linarudi

Skuta, Nyeri
Jumapili, baada ya kanisa

Kwako Wanjala, kifungua mimba wangu,

Nakusalimu kwa sababu mimi ndiye niliyekuzaa, si kwa sababu unastahili salamu wiki hii. Goti lako limepungua uvimbe, au bado unalipaka yale mafuta ya gari? Mke wako Selina amemaliza kukohoa? Mwambie aache kupikia ndani ya ile nyumba isiyo na dirisha. Na wewe toboa dirisha, mikono unayo. Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Kama amezaa jike, asiuzwe mpaka nije. Mimi niko mzima. Baridi ya huku imeniingia magotini ikakaa kama mgeni asiye na haya, lakini sijalala kitandani kwa ugonjwa hata siku moja.

Basi, salamu zimekwisha.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako ina tabia. Kila nikianza kupandisha sauti unasema, "Mama, mtandao ni mbaya," halafu unakata. Karatasi haina mtandao. Utaisoma mpaka mwisho, na Selina awe amekaa hapo hapo akisikia.

Anayeniandikia ni Afande Mwende, askari polisi wa kutoka Kitui, jirani yetu ukuta kwa ukuta. Lugha ya kwetu haijui na Kikamba mimi sikijui, kwa hiyo tumekutana kwa Kiswahili. Nimemwambia asilainishe neno hata moja. Sasa hivi ameniuliza, "Shosho, hata hili la mafuta ya gari niandike?" Nimemwambia andika. Huku kila mtu ananiita Shosho, yaani nyanya, hata wale wenye mvi kunishinda.

Ujumbe wako nimesomewa. Unasema ofisi ya mifugo imempa dada yako Nekesa mpaka mwisho wa mwezi huu arudi kazini, la sivyo kiti chake anapewa mtu mwingine. Unasema sokoni Kimilili watu wanakuuliza kama alifukuzwa, na wewe unaona aibu. Halafu ukamalizia, "Mama, nilikutuma umrudishe. Sasa ni miezi mitano, na wewe umepotelea huko huko." Hayo ni maneno yako. Afande ameyasoma mara mbili nikiwa nimesimama.

Ni kweli ulinituma, na ni kweli nilikuja kumrudisha. Nilipopanda gari nilikuwa upande wako. Mwanamke wa miaka arobaini na saba, afisa wa mifugo kwa miaka kumi na minane, jina lake limeandikwa mlangoni, dereva anamngoja nje, vijiji vyote vinamwita daktari, halafu anaacha yote ati anaenda kuwa mwanafunzi! Nilisema huyu amerogwa, ngoja nikamtoe.

Nilimkuta kwenye chumba kimoja, kitanda na meza, karatasi zimefika dirishani. Asubuhi alikuwa anapiga nguo pasi, anavaa kama mtu wa ofisi, halafu anakaa tu, kwa sababu hakuna anayemngoja popote. Simu ikilia anaruka. Kumbe ni mtu wa gesi. Huko chuoni anapanga foleni na watoto wa umri wa kitinda mimba wake ili apate kiti cha kusomea, na siku moja mmoja wao akamwambia, "Mathe, foleni inaanzia kule." Aliniambia hayo akicheka, huku anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata zamani.

Halafu kuna huyo mwalimu wake. Wanafunzi wa masomo hayo ya juu kila mmoja anapewa mtu wa kumsimamia, na wake anaitwa Daktari Mwangi, kijana ambaye Nekesa angeweza kumbeba mgongoni. Nekesa akimpelekea kazi, inarudi nyekundu kama imechinjiwa kuku juu yake. Nikamwambia nisomee amesema nini. Akasoma: "Umeniambia wakulima wanatakiwa kufanya nini. Sikuuliza hilo. Wanafanya nini?" Alisoma vizuri, sauti imenyooka, kisha akaenda kufua. Alifua shuka moja mpaka maji ya ndoo tatu yakaisha. Mimi ni mama yake, najua anavyofua mtu anayefua na anavyofua mtu anayelia.

Kesho yake nilijifunga kitambaa, nikaenda mwenyewe kwa huyo mwalimu.

"Wewe ndiye unayemwandikia mtoto wangu kwa damu?"

Alisimama, akanipa kiti chake yeye. Hilo nililiona, lakini sikumwambia.

"Karibu, shosho. Mtoto wako anajua mambo mengi kuliko mimi."

"Basi mbona unamwandikia kama mjinga?"

"Kwa sababu anajua kabla hajauliza."

Akatoa rundo la karatasi, akanieleza taratibu. Kazi ya Nekesa ni hii. Ng'ombe akiugua kiwele anadungwa sindano, na ile dawa inabaki kwenye maziwa siku tatu. Maziwa hayo yanatakiwa kumwagwa. Watu wakiyanywa, dawa inawaingia kidogo kidogo, mpaka siku wanaugua kweli na dawa ya hospitali haiwasikilizi tena. Basi Nekesa anazunguka nyumba za Tetu, huku mashambani, akiuliza: hayo maziwa ya sindano mnayapeleka wapi?

"Angalia, shosho. Nyumba zote zinamwaga. Wote! Hata tone halinywewi. Wewe umeshawahi kuona kijiji kama hicho?"

Mimi maziwa nayajua.

"Kikao cha maprofesa kiko karibu," akasema. "Akiingia na hizi, watamsimamisha."

"Wakimsimamisha nitarudi hapa. Na hiki kiti sitakikalia, nitakibeba."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Wiki hiyo nikamwambia Nekesa leo twende wote. Akavaa lile dasti koti lake la bluu la kazini, lenye nembo ya serikali kifuani, akavaa gambuti, faili kwapani. Nikamuuliza, "Kwani umeajiriwa huku?" Akasema, "Mama, bila hili watajuaje mimi ni nani?" Nikaacha.

Tulipofika kwenye lango la mama mmoja anaitwa Mama Gathoni, mtu wa rika langu, binti mkwe wake alituona kutoka mbali akapiga kelele, "Mami! Daktari amekuja!" Wanjala, ungeona zile mbio! Mmoja anakimbilia ufagio wa zizi, mwingine anatoa mkebe dirishani anauficha nyuma ya kuni. Mimi nikaingia jikoni kwa mwenye boma, nikapewa kigoda, kisu na viazi. Nekesa akabaki zizini na binti mkwe. Ukuta ni wa mbao, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Hii sakafu mbona ina maji? Ng'ombe akisimama kwa maji kiwele kitaoza."

"Ndio, daktari."

"Na akidungwa, maziwa mnamwaga siku tatu, sivyo?"

"Tunamwaga, daktari."

"Yote?"

"Yote, daktari. Hata paka hatumpi."

Anaandika. Umesikia alivyouliza? Alimwekea jibu mdomoni kama unavyomwekea mtoto titi.

Na huku jikoni, Kiswahili cha Mama Gathoni na changu vyote vimevunjika, kwa hiyo tulielewana sana. Akanimiminia chai.

"Huyu daktari ni mtoto yako?"

"Ndiyo. Wa tatu."

"Ako mkali!"

"Amenifuata mimi."

"Ati tumwage maziwa." Akacheka mpaka kiazi kikamponyoka. "Maziwa! Ngai! Wewe unaweza kumwaga?"

"Mimi? Sijawahi."

"Sisi iko na mkebe yake," akanionyesha kule nyuma ya kuni. "Ile ya sindano inaingia hapo. Kwa kituo ya maziwa hatupeleki, wanapima. Hii ni ya chai ya wale wanakuja kuchuma kahawa. Na ya wageni."

Nikatazama kikombe changu.

"Wageni gani?"

"Wageni tu."

"Ng'ombe alidungwa lini?"

"Jana."

Nilikuwa kwenye kikombe cha pili. Tulitazamana na yule mama, halafu tukacheka, tukacheka mpaka binti mkwe akaja kuchungulia kama tumepagawa.

Njiani tukishuka kwenda barabara ya lami nikamweleza Nekesa yote. Nilidhani atanishukuru. Alisimama katikati ya njia.

"Mama, unajua unaniambia nini? Kama wananidanganya hapa, basi walinidanganya na kule. Miaka kumi na minane! Nimeandika ripoti. Nimesimama mbele ya watu nikasema kwetu wanamwaga. Nimepewa cheti, Mama."

Hapo, Wanjala, ndipo nilipokutaja. Afande amenyanyua kalamu ananitazama. Andika.

Unamkumbuka yule ng'ombe wako mweusi? Aliugua kiwele, Nekesa akaja na gari la ofisi, akamdunga kwa mkono wake mwenyewe. Akakwambia siku tatu. Ukamjibu, "Ndiyo dada, namwaga yote." Mimi nilikuwa jikoni. Jioni hiyo hiyo ulibeba mtungi ukapeleka kituoni, wakati huo kwetu hawakuwa wanapima chochote, na mimi ukanibakishia kikombe. Nilikunywa. Nekesa aliporudi siku ya nne kutuangalia, ni mimi niliyempeleka chini ya mgomba nikamwonyesha, "Ndipo tunamwaga hapa." Nilikuwa nimemwaga maji ya kuoshea vyombo ili paonekane pamelowa. Mtoto wangu aliinama akaangalia ule unyevu, akaandika kwenye faili lake, akafurahi. Nilimwona akifurahi, nikaenda zangu kupika.

Nimemwambia hayo yote pale njiani. Sikukuficha wewe wala sikujificha mimi.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Siku mbili alifua, hata nguo zilizo safi. Nampa chumvi, anapokea, anarudi kwenye ndoo. Siku ya tatu asubuhi nilitoka kuanika nguo, niliporudi nikakuta begi limefungwa liko mlangoni, na lile koti limekunjwa juu yake.

"Narudi kazini, Mama. Umeshinda. Mpigie Wanjala umwambie."

Sikia vizuri, maana hapa ndipo unaponilaumu. Kazi uliyonituma ilikuwa imekwisha. Nilichobakiza ni kuchukua kikapu changu tu. Nililitazama lile begi, kisha nikalikalia.

"Mama, toka juu ya begi."

"Sitoki."

"Si ulikuja kunichukua?"

"Nilikuja kumchukua afisa, na huyo sikumkuta. Unarudi kufanya nini? Kukaa nyuma ya mlango wenye jina lako, watu wakuletee uongo uliopigwa pasi mpaka ustaafu? Mimi mwenyewe nilikuletea. Mama yako mzazi! Nani mwingine huko hatakuletea?"

"Lakini hapa mimi ni mjinga, Mama. Miaka arobaini na saba, na mimi ni mjinga. Watoto wananionyesha foleni."

"Mimi nina sabini na kitu na sijui kusoma hata jina langu. Mbona niko hai? Keti."

Alikaa sakafuni, akalia. Safari hii alilia kwa sauti, bila kufua kitu. Mimi sikushuka kwenye begi mpaka akamaliza, na makalio yangu yaliuma siku nzima, kwa sababu ndani kulikuwa na gambuti.

Tulirudi Tetu juma lililofuata. Koti nilikuwa nimelifungia sandukuni, ufunguo nikautia kifuani. Alivaa leso na viatu vya plastiki. Tukapita zizini bila kusimama, tukaingia jikoni, akapewa kisu. Mtoto wangu wa ofisi hajui tena kumenya! Mama Gathoni alimtazama kidogo akasema, "Huyu daktari atatulisha maganda, viazi yote anatupa." Wakamcheka. Na yeye akacheka. Akaona moshi umejaa, nikaona mdomo wake unafunguka kuwaambia watoboe dirisha, nikamkanyaga mguu. Wewe ndiye ninayekuambia utoboe, Wanjala, kwa sababu wewe ni wangu. Wale si wake.

Akawaambia kazi yake ni ya masomo, hakutumwa na serikali, hatamshtaki mtu, na majina yao hayaandiki. Halafu akauliza kitu kimoja tu: "Maziwa ya siku za sindano yanaenda wapi?" Akangoja. Lo! Kungoja kule kulimuuma kuliko jino. Nilikuwa nauona mguu wake ukitikisika chini ya leso. Mama Gathoni akamenya kiazi kizima, akamenya cha pili, ndipo akainuka akatoa mkebe nyuma ya kuni, akauweka katikati yetu.

Walizungumza mpaka chai ikawa tayari. Nekesa alipopewa kikombe akauliza ng'ombe alidungwa lini, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Kisha binti mkwe, yule yule wa hata paka hatumpi, akamuuliza, "Lakini daktari, kwani hiyo maziwa iko na ubaya gani? Hatujaonaga mtu akianguka."

Nekesa aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote ya kazi, hilo swali hakuwahi kuulizwa. Walikuwa wanaitikia tu ndio, daktari. Akawaeleza polepole, bila kuagiza. Mama Gathoni alisikiliza, akatazama mkebe wake, akasema, "Nitaona."

Hakusema ndio. Alisema nitaona. Njia nzima Nekesa alikuwa analirudia hilo neno kama mtu aliyeokota kitu.

Nyekundu ya Daktari Mwangi bado iko, usidhani imekauka. Lakini kwenye karatasi ya mwisho aliandika pembeni, "Hapa nawasikia watu. Endelea." Nekesa amezunguka upya zile nyumba zote, jiko kwa jiko, na mikono yake sasa inanuka moshi kama yetu. Kikao cha maprofesa bado. Wanaweza kumkataa. Nimemuuliza, akasema wanaweza. Wakimkataa atakuwa hana kazi wala masomo, na mimi nitakaa naye hapa hapa kwenye baridi yao mpaka aanze tena.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: harudi. Barua ya kuacha kazi ameipeleka mwenyewe posta Ijumaa, na mimi nilimsindikiza mpaka mlangoni ili asigeuke. Wale wa sokoni wakikuuliza kama alifukuzwa, waambie hakufukuzwa, alichoka kudanganywa. Wakiuliza na nani, ujitaje. Usiponitaja na mimi, nitajua umesema nusu.

Pamoja na barua hii utapokea mfuko. Ndani kuna majani ya chai kidogo ya Selina, na kuna lile koti. Nimelifua, nikashona kifungo kilichokatika. Usilivae wewe. Lipeleke kwenye shamba la wimbi, ukauvalishe ule mti wa kutishia ndege, maana kutisha ndiko linakoweza. Daktari wa koti ndiye uliyenituma nimlete, basi huyo hapo nimekuletea.

Desemba Nekesa anakuja Krismasi. Atakuja na leso, ataingia jikoni kwa Selina, atamenya viazi vibaya, halafu atakuuliza juu ya yule ng'ombe mweusi. Ameshajua. Lakini anataka kukusikia wewe, na atangoja. Usimwambie mtandao ni mbaya.

Nisalimie Selina kwanza kabla ya kumsalimia mtu mwingine. Nisalimie mdogo wangu Nasimiyu, mwambie lile blanketi nililomwazima si lake. Nisalimie mzee wa kanisa, naye aache kuniombea kama mgonjwa. Nisalimie wajukuu wote, na yule mdogo umbusu shingoni mahali ninapombusu mimi. Ukimaliza, jisalimie na wewe. Nina hasira na wewe, lakini nimekununulia sweta. Ukija kunichukua ndipo utalivaa.

Ni mimi mama yako, ninayekupenda na ninayekujua.

Afande alitaka aandike jina langu hapa chini. Nimemwambia hakuna haja, nimebandika kidole gumba. Wanjala atakitambua, ndicho kilichomlea kwa kumfinya sikio.